Joto la Tambara

Kimya aliinuka kwenye cherehani kwa mara ya sita asubuhi ile, suruali ya mteja ikabaki imeshikwa na sindano katikati ya pindo. Hakuna aliyemwita. Ni zile kucha tu, krr, krr, krr, zikikwaruza mbao za kreti nyuma ya mlango wa jikoni. Mtu mwingine angeendelea na kazi. Yeye kila zilipokwaruza alihisi zinapita mgongoni kwake.

Tambara alikuwa amesimama ndani ya kreti, kichwa chini, anachimba vitambaa vyake kana kwamba kuna kitu amekifukia humo mwaka jana. Alizunguka, akalala, akainuka, akajitazama nyuma, akazunguka tena. Alipomwona Kimya alitikisa mkia mara moja, nusu nusu, kama mtu anayeitikia salamu huku jino linamuuma.

"Umekuja tena," shangazi alisema kutoka kwenye kigoda, macho yakiwa kwenye ungo wa maharage aliokuwa anachambua. "Watu wanangoja nguo zao. Mtoto hatoki kwa kutazamwa."

"Tangu jana hajala, shangazi."

"Na wewe siku ukishikwa na uchungu tutakuona unaomba wali? Rudi kwenye cherehani."

Kimya hakurudi. Alichuchumaa kando ya kreti akakaa kimya, na ndivyo alivyopata jina lake. Hakuwa na ndugu wa tumbo moja wala shoga wa kumwagia ya moyoni. Alikuwa na shangazi wa kumtii, na Tambara wa kuongea naye. Alimwokota miaka mitatu nyuma juu ya gunia la vipande vya nguo, macho hayajafunguka vizuri, akamlea kwa pamba iliyochovywa kwenye maziwa. Mteja akija, mbwa yule hulala juu ya miguu ya Kimya chini ya cherehani, na miguu ikikanyaga pedali, naye anapanda na kushuka nayo bila kulalamika.

Na shangazi hakuwa mtu wa kubishana naye habari za uzazi. Miaka thelathini na moja alikuwa mkunga wa wodi ya wazazi, na nusu ya mtaa ule ilianza kulia mikononi mwake. Alistaafu akarudi nyumbani na mfuko wa vifaa na mdomo uliozoea kutoa amri. Kwa hiyo Tambara alipopata mimba, na ya nani ilijulikana, maana dume la fundi seremala wa jirani lilionekana likitokea kwenye tundu la ukuta mchana kweupe, shangazi alikunja mikono ya gauni. "Nimezalisha wake za watu," alisema, "nitashindwa na huyu kwa kuwa ana miguu minne?"

Ndipo akatundika karatasi kwenye kreti, ile ya kaki ambayo Kimya hukatia vipimo vya nguo, akaichora mistari kwa rula. Nusu ilikuwa mzaha, nusu ilikuwa kazi. "Wodini kwangu aliyekuwa anasema si nesi wala daktari," alimwambia Kimya. "Karatasi ndiyo ilikuwa inasema. Andika saa, andika joto, andika ulichokiona. Usiandike unachofikiri." Akamkabidhi kipimajoto chake cha kioo, akamfundisha kukipaka mafuta, kukiingiza chini ya mkia na kuhesabu dakika mbili. Kimya aliishia darasa la saba, lakini mwandiko wake ulikuwa safi, na aliyezoea kupima viuno vya watu kwa nusu inchi haandiki kwa kukisia.

Siku ya kwanza kipimajoto kilisoma 38.6. Shangazi akaguna. "Huyu ana homa." Akaamuru kitambaa cha maji baridi, asubuhi na jioni. Siku ya pili 38.5. Siku ya tatu 38.6 tena. Vitambaa vikaongezwa. Tambara alivivumilia, akawa anamaliza chakula chake chote na kufukuza paka wa watu huku tumbo linakaribia kuburura chini. Kisha jana, saa moja asubuhi, Kimya alipima akapata 37.0. Alirudia akidhani amekosea, ikaja ile ile. Shangazi alifurahi kama aliyeshinda kesi. Alichukua kalamu nyekundu akaandika pembeni kwa mkono wake mwenyewe: HOMA IMESHUKA.

Tangu hapo roho ya Kimya ilikosa pa kukaa. Maana homa iliposhuka ndipo Tambara alipoacha kula. Adhuhuri akaanza kutetemeka. Alasiri akaanza kuchimba. Mgonjwa gani huyu, Kimya aliwaza, aliyekuwa mzima wakati anaumwa, halafu anaumwa baada ya kupona? Alimuuliza shangazi. "Ni baridi ya homa inatoka mwilini," shangazi alijibu, na mtu akishajibiwa na mkunga wa miaka thelathini na moja, ataongeza nini?

Saa tatu kamili mgongo wa Tambara ulijikunja kama upinde. Tumbo likakaza, pumzi ikakatika, kisha akaachia na kuhema.

"Haya," shangazi akasema, akaweka ungo chini. "Sasa ndiyo uchungu umeanza. Andika saa tatu. Huyu ni mzazi wa kwanza, njia yake haijawahi kupitwa. Mpe saa kumi, hata kumi na mbili. Haraka haraka haina baraka."

Kimya aliandika. Kila Tambara aliposukuma, alichora mstari mdogo. Saa tatu na nusu mistari ilikuwa kumi na minne na kreti haikuwa na kitu kipya. Misukumo ilikuwa mikubwa, ya kutoka moyoni, mpaka makucha yalikuwa yanatelezea mbao. Kimya alijaribu kukaa akashindwa, akajaribu kusimama akashindwa. Alikwenda mlangoni, akarudi. Akakunja kitambaa, akakikunjua.

Juu ya ukuta kikachomoza kichwa. Ni fundi seremala mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Msumari, kwa wembamba wake na kichwa chake kilichobapa juu.

"Wakwe zangu, mmeamkaje? Baba mtarajiwa hajatulia, anauliza kama kumekucha."

"Mwambie aje afue vitambaa," shangazi akajibu. "Kupenya ukuta alijua mwenyewe."

"Imefika wapi, mama?"

"Imefika inapotakiwa. Subira huvuta heri."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mama. Na hapa tumbo ndilo lenyewe."

"Wewe nilikutoa miguu kwanza," shangazi akasema, "ndiyo maana mpaka leo unaongea kinyumenyume. Nenda ukapige randa."

Kichwa kikatoweka kinacheka. Kimya hakucheka. Alikuwa anatazama chini ya mkia wa Tambara. Dakika kumi na tano kabla ya saa nne, kitambaa cheupe alichomtandikia kililowa, na maji yale hayakuwa meupe wala hayakuwa ya damu. Yalikuwa kijani, kijani kizito cha majani yaliyopondwa.

"Shangazi."

Shangazi aliinama, na kwa mara ya kwanza siku ile mzaha ulimtoka usoni. Alikishika kitambaa, akakinusa.

"Mtoto amechoka huko ndani," alisema polepole. "Maji ya kijani si ya kuchezea, hata kwa binadamu. Huyu mama anasukuma bila nguvu. Tumwongezee uchungu." Akainuka, magoti yakalia. "Nina ile sindano kwenye friji. Chemsha maji. Saa moja tu ya uchungu, bado mbichi, sindano itamfungua."

Akaingia ndani. Kimya alimsikia akifungua droo, akilalamikia bomba la sindano lisiloonekana, kisha mfereji ukifunguliwa. Shangazi alikuwa ananawa. Na Kimya alijua shangazi huosha mikono mpaka viwiko, mara tatu, kwa sabuni ya kipande, kama alivyofundishwa ujanani. Hizo ni dakika.

Anasukuma bila nguvu? Mistari kwenye karatasi ilikuwa thelathini na moja. Kimya alitazama juu zaidi ya mistari, kwenye tarakimu. 38.6. 38.5. 38.6. Halafu 37.0, na maandishi mekundu pembeni. Kila kilichokuwa pale alikuwa amekiona kwa macho yake. Isipokuwa yale maandishi mekundu. Hayo hakuna mtu aliyeyaona popote.

Hakuchemsha maji. Alichukua kipimajoto akapita kwenye tundu la ukuta, lile lile la dume, sketi ikachanika kwenye tofali na hata hakugeuka.

Msumari alikuwa ameegemea mlango wa kabati usio na bawaba. "Kimya? Kumetokea nini?"

"Nishikie mbwa wako kichwa."

"Kafanya nini tena?"

"Mshike tu, kaka. Nampima joto."

"Yeye ndiye baba, si mzazi," Msumari alisema, lakini aliona uso wake akatupa msumeno, akalikumbatia dume shingoni. Kimya alikung'uta kioo, akakipaka mate kwa kuwa mafuta hayakuwapo, akakiingiza. Dume liliguna kwa aibu. Dakika mbili. Kupitia tundu la ukuta alisikia Tambara akitoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa, nyembamba, kama mlango unaofunguka wenyewe. Alitamani kuchomoa. Alihesabu mpaka mia na ishirini kwa sababu kipimo cha haraka ni kipimo cha uongo.

"Huyu anaumwa?" aliuliza.

"Huyu? Asubuhi kanilia nusu ya kifungua kinywa."

Kimya alisogeza kioo kwenye mwanga. 38.6.

Alisimama pale na kile kijiti cha kioo, na yote yakajipanga kama kitambaa kinapokunjwa ukingo kwa ukingo. Hapakuwa na homa. Haikuwahi kuwapo. Hilo ndilo joto la mbwa, na lililoshuka jana halikuwa ugonjwa kuondoka. Lilikuwa jambo kuanza.

"Wewe ulimtengenezea meza daktari wa mifugo," alimwambia Msumari. "Namba yake unayo?"

Msumari alikuwa ameshatoa simu. Iliita mara tatu, ikapokelewa na sauti ya mwanamke iliyokuwa inatafuna kitu. Kimya hakusalimu. Alieleza kwa mpangilio, kama karatasi ilivyokuwa: joto, saa, misukumo, rangi.

Kutafuna kulikoma.

"Hilo joto lilishuka lini?"

"Jana saa moja asubuhi."

"Mbwa joto lake likishuka hivyo, kwa kawaida ndani ya siku moja anakuwa anazaa. Siku imepita. Na hayo maji ya kijani yametoka kabla ya mtoto hata mmoja?"

"Hajatoka hata mmoja. Na anasukuma saa nzima, kwa nguvu."

"Hata nusu saa ilikuwa nyingi. Kijani maana yake kondo la nyuma limeachia huko ndani. Kuna mtoto ameziba njia. Mleteni sasa hivi, msimvute, msimpe kitu. Hasa sindano ya uchungu, msithubutu."

Kimya alimrudishia Msumari simu. "Washa pikapu yako," alisema, na alikuwa ameshaingia kwenye tundu.

Shangazi alikuwa amepiga magoti kando ya kreti, glavu mkononi, bomba la sindano limejaa na limeelekea juu, anatoa kiputo cha hewa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapapasa paja la Tambara kutafuta nyama. Mkono ule haukuwahi kutikisika miaka thelathini na moja na haukutikisika sasa.

"Maji yako wapi?"

Kimya aliingia katikati, akakaa chini, ubavu wake kwa ubavu wa Tambara. Alikuwa mtu asiyejua kupaza sauti, na hata sasa hakupaza.

"Usimchome, shangazi."

"Ondoka hapo."

"Mbwa wa Msumari ana thelathini na nane nukta sita. Ni mzima. Nimempima sasa hivi."

"Sikuulizi habari za mbwa wa Msumari. Mimi nina cheti, wewe una cherehani. Ondoka, mtoto anakufa."

Kimya alibandua karatasi kwenye kreti, akaiweka sakafuni mbele ya magoti ya shangazi. Aliweka kidole kwenye 37.0, kisha akakivuta mpaka kwenye saa iliyoandikwa kando yake, akakiacha hapo.

Shangazi alisoma. Mwanzo alisoma kama mtu anayesoma deni la jirani. Kisha kidogo kidogo uso wake ukawa ule ambao labda wagonjwa wake waliujua, uso wa mtu anayepokea zamu na kukuta kitanda kimoja hakiko sawa. Midomo ikacheza. Alikuwa anahesabu.

"Si leo saa tatu," alisema. "Ni tangu jana."

"Saa ishirini na saba."

"Saa ishirini na saba, na njia imezibwa." Aliitazama sindano mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemshikisha. "Mwenye uchungu wa siku nzima ukimchoma hii, mfuko wa uzazi unapasuka. Niliwafukuza wanafunzi wodini kwa kosa hili hili." Akalielekeza bomba kwenye beseni, akalisukuma mpaka likaisha. Kisha akagusa yale maandishi mekundu kwa kidole chenye glavu. "Niliandika nilichofikiri."

Nje pikapu ilipiga honi.

"Shika upande wa kichwa," shangazi alisema. "Mimi nashika upande wa kazi. Tunambeba na kreti yake, asikunjwe tumbo."

Barabara ile Kimya alikuwa ameipita mara elfu na hakuwahi kujua ina mashimo mangapi. Alikaa nyuma ya pikapu kati ya mabaki ya mbao, amemkumbatia Tambara, na kila tuta lilikuja kama tusi. Tambara hakusukuma tena. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Zile kucha zilizomkosesha raha tangu jana zilikuwa zimenyamaza, na sasa angetoa chochote azisikie. Mkono wa shangazi ulikuwa umelala juu ya tumbo, wazi, unasikiliza.

"Nisemeshe, shangazi."

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Moyo wake unakwenda," shangazi alisema. "Mbio, lakini unakwenda." Na njia nzima alirudia hilo hilo, kila baada ya tuta.

Daktari wa mifugo alikuwa mama mfupi mwenye buti za mpira, chumba chake kiko nyuma ya duka la dawa za ng'ombe na kuku. Alivaa glavu, akaingiza kidole, akatazama dari kama watu wanaotafuta funguo mfukoni.

"Amelala kwa upana," alisema. "Mgongo ndio umekuja mlangoni. Huyu hata angesukuma wiki. Tunafungua. Mwenye mbwa ni nani?"

Kimya alisubiri shangazi ajibu, maana shangazi ndiye hujibu.

"Ni huyu," shangazi alisema. "Muulize yeye, yeye ndiye aliyeandika. Mimi nimekuja kama mikono. Ukinihitaji, nimeshanawa."

Daktari alimtazama, akaitazama mikono yenyewe. "Nina msaidizi mmoja na leo hakuja. Nikikutolea mtoto, unajua la kufanya?"

"Hilo tu ndilo ninalolijua."

Msumari alibaki mlangoni, akasema meza haitatikisika, aliitengeneza mwenyewe, kisha harufu ya dawa ikamshinda akatoka kwenda kukaa kwenye ndoo. Kimya aliambiwa ashike taa. Aliishika. Aliona ngozi ikifunguka na hakugeuza uso, kwa kuwa taa ingegeuka nayo.

Wa kwanza alikuwa yule aliyeziba njia, mkubwa, mweusi. Shangazi alimpokea, akamsugua kwa taulo, akamfyonza pua, akamsugua tena, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamfunika na kumweka kando. Wa pili alikuja akilia. Wa tatu akalia kabla hajaguswa. Wa nne alikuja mlegevu kama soksi iliyolowa, na shangazi akamwinamisha kichwa, akamsugua mgongo kwa kidole gumba, kinyume cha manyoya, huku akimtukana taratibu, matusi madogo madogo ya wodini. "Pumua, mvivu wewe. Pumua, unamngoja nani." Taa ilianza kumchoma Kimya mkono. Mvivu akapiga chafya.

Lakini Tambara ulimi ulikuwa umetoka pembeni, wa rangi ya karatasi. Daktari alishona uzi wa mwisho, akavua glavu, akainua mdomo wa mbwa na kubonyeza ufizi kwa kidole. Pale alipobonyeza palikuwa peupe, na pakabaki peupe.

"Damu imepotea," alimwambia Kimya. "Nimemwekea maji kwenye mshipa. Kaa hapa. Bonyeza hivi, achia, uhesabu. Rangi inatakiwa irudi kabla hujafika mbili. Ikichelewa kuliko sasa hivi, niite."

"Sasa hivi ni ngapi?"

"Nne."

Basi Kimya alikaa sakafuni. Akabonyeza, akaachia, akahesabu: nne. Alingoja kidogo, akarudia: nne. Shangazi alikaa ukutani, watoto watatu wamelala kifuani kwake ndani ya gauni, wanamtafuta maziwa asiyokuwa nayo, na kwa mara moja hakuwa na la kuamuru. Aliuliza tu, kila mara, kwa sauti ya mwanafunzi, "Ngapi?"

"Nne."

Msumari alichungulia, akaangalia nyuso, akarudi kwenye ndoo yake.

"Ngapi?"

"Tatu na kidogo."

Kimya alijikataza kufurahi. Alibonyeza mahali pengine asije akawa amechosha pale. Tatu. Mguu wa nyuma wa Tambara ulitikisika usingizini. Mchana ulikuwa umepinda, dukani watu walinunua chanjo za kuku na kubishana, na yeye akaendelea kubonyeza, kuachia, kuhesabu. Tatu. Tatu kasoro. Aliogopa anahesabu haraka kwa kutamani, akaanza kuhesabu kwa kufuata saa ya ukutani. Tatu kasoro bado.

Ilipofika mbili hakuiamini. Alirudia mara tano.

"Ngapi?" shangazi aliuliza.

"Mbili. Njoo nao."

Shangazi alipiga magoti, akawaweka watoto kwenye tumbo, mbali na mshono. Tambara alifungua jicho moja, akasikia kitu kinatambaa kwenye manyoya yake, akaunguruma. Shangazi aliurudisha mkono nyuma. Kimya hakuurudisha wake. Aliuacha pale, kati ya meno na yule mvivu, akamsogeza mtoto inchi moja, akangoja, akamsogeza nyingine. Mngurumo uliendelea, ukawa mwembamba, ukakatika. Pua ikashuka. Ikanusa mkono wa Kimya kwanza, kisha kile kilichokuwa chini ya mkono, sabuni ya shangazi, damu, maziwa. Ulimi ukatoka, mzito, ukamkosa mtoto na kulamba sakafu. Ukatoka tena. Safari hii ulimpata mvivu mgongoni ukamviringisha kichwa chini miguu juu, naye akalia kwa hasira mpaka Msumari akaja mbio mlangoni kuuliza nani anauawa.

"Hakuna," Kimya alisema, na akaondoa mkono wake.